Tumeuziwa kwa Kikamba, Tumekataliwa kwa Kiingereza

Karatasi ya dada yangu iko mezani mbele yangu. Imekunjwa mara nne, imechakaa kwenye mikunjo, na nyuma yake amepachika kwa pini risiti ambayo wino wake umefifia hata inabidi kuielekeza dirishani ndipo tarehe isomeke. Karatasi hii aliilipia shilingi 2,900. Ni waranti ya nyongeza: mwaka mmoja zaidi, juu ya ule mwaka mmoja ambao kampuni iliyotengeneza simu humpa kila mnunuzi bila malipo. Simu yenyewe ilimgharimu shilingi 24,000 katika duka la hapa mjini Machakos ambalo sitalitaja. Dada yangu ni mwalimu wa chekechea upande wa Mitaboni, na shilingi 2,900 kwake si pesa za kuokota.

Mwezi wa kumi na nne simu ilikataa kuingiza chaji. Alifunga safari na karatasi yake, moyo umetulia, kwa sababu siku kama hiyo ndiyo aliyokuwa ameilipia. Simu ikapelekwa Nairobi. Baada ya wiki tatu ikarudi vilevile ilivyokwenda, na jibu likaja nayo: kibandiko cha ndani kimegeuka rangi, kwa hiyo unyevu umeingia, na unyevu haumo kwenye waranti. Dada akauliza ni unyevu upi, maana simu hiyo haijawahi kutumbukia popote. Kijana wa kaunta akaweka kidole kwenye kifungu cha tisa, Kiingereza kitupu, herufi za kutafutwa kwa tochi. Siku ya kuuza, kijana huyo huyo alimweleza kila kitu kwa Kikamba, taratibu, akimwita mwaitu kwa heshima zote. Kwa Kikamba aliambiwa mwaka wa pili wote uko salama. Kwa Kiingereza akaambiwa aende zake.

Ndiyo maana naandika, na sitapima maneno. Waranti ya nyongeza ya simu, jinsi inavyouzwa kwenye kaunta za mji wetu, haifai kununuliwa. Anayeinunua analipia mara ya pili kitu ambacho sheria ilikwisha kumpa, kisha ananyimwa kile alichodhani amekilipia.

Tutazame kwanza jinsi simu inavyokufa. Wahandisi wa vyombo vya umeme wana mchoro wao wa zamani wa hitilafu. Miezi ya mwanzo hitilafu huwa nyingi, kwa kuwa hapo ndipo makosa ya kiwandani yanapojitokeza: lehemu iliyoshika vibaya, kioo kilichobandikwa ovyo, betri iliyokuwa mbovu tangu kwenye boksi. Kisha hupungua na kutulia kwa muda mrefu. Mwishoni hupanda tena, chombo kinapochoka. Mkazi wa Machakos hahitaji kuchorewa. Huku Milima ya Mua, kule Milima ya Iveti, katikati bonde. Mlima wa kwanza, ule wa makosa ya kiwandani, umefunikwa na waranti ya kampuni ambayo hulipii hata senti. Mlima wa mwisho, ule wa uchakavu, haufunikwi na mtu, kwa sababu kila karatasi ya waranti niliyopata kuisoma inaitoa nje betri iliyochoka na sehemu zilizolika kwa matumizi. Waranti ya nyongeza inauzwa bondeni. Inauzwa kwa ajili ya kipindi ambacho simu ina nafasi ndogo kuliko zote ya kufa kwa kosa la aliyeitengeneza.

Na huko bondeni simu zinauawa na nini? Nilikaa asubuhi nzima na fundi mwenye meza yake karibu na stendi ya magari. Akaja mwendesha boda boda, simu imemchomoka mfukoni kwenye matuta ya barabarani, kioo kimekuwa utando wa buibui. Akaja mama mmoja, simu yake ilisafiri ndani ya kyondo pamoja na chupa ya maziwa isiyofungwa vizuri. Akaja mwanafunzi wa chuo, tundu la kuchajia limejaa vumbi jekundu hadi waya haukai. Ikaja betri iliyovimba ikasukuma mgongo wa simu. Ikaja simu iliyounguzwa na chaja ya bei ya chini usiku ambao stima ilipotea na kurudi kwa kishindo. Nilimuuliza fundi ni mara ngapi analetewa simu ya mwaka wa pili yenye kosa la kiwanda. Alifikiri kidogo, bisibisi mkononi, akasema kosa la kiwanda huja mapema, na likija mwenyewe hulirudisha dukani kabla ya kumfikia yeye.

Sasa zichukue simu hizo zote uzipitishe kwenye karatasi ya dada yangu. Kuanguka, nje. Maji, nje. Betri, nje. Umeme kupanda na kushuka, nje. Kuibwa, nje. Na kama fundi yule amekwisha kuifungua, basi hata kosa la kiwanda nalo limetoka nje, kwa sababu simu imeguswa na mtu asiyeidhinishwa. Kilichobaki ndani ni nini? Kimebaki kitu ambacho karibu hakitokei. Kwa kitu hicho dada yangu alitoa shilingi 2,900.

Hesabu yake ni nyepesi, na inaniuma kwamba hakuna aliyemfanyia siku ile. Gawanya 24,000 kwa 2,900. Ili bei hiyo iwe ya haki, kati ya kila wateja wanane walionunua karatasi, mmoja angepaswa kuona simu yake ikifa kabisa, mwaka wa pili, kwa kosa la kiwanda tu. Lakini simu ya mwaka wa pili si mpya tena. Mitumba yake mjini ungeipata kwa nusu ya bei, tuseme 12,000. Kwa thamani hiyo ingepaswa kufa simu moja katika kila nne. Simu moja katika kila nne! Kiwanda ambacho simu zake zinakufa hivyo kingefungwa kabla ya msimu wa mvua. Na hapo nimehesabu kana kwamba kila hitilafu ni kifo, hali nyingi ni kipande kidogo kinachobadilishwa kwa pesa kidogo.

Biashara hii haikuzaliwa Machakos. Uingereza waliichunguza kwa kina, na mwaka 2003 tume yao ya ushindani ikakuta kwamba wanunuzi wa waranti za vyombo vya umeme vya nyumbani walikuwa wanalipa kupita kiasi, kwa sababu mtu huiamua pale pale kaunta, hana cha kulinganisha, na muuzaji ndiye peke yake mwenye hesabu. Tangu Aprili 2005 kanuni zao zinamlazimu muuzaji kubandika bei ya waranti pamoja na bei ya chombo, na kumpa mnunuzi siku 45 za kubadili nia na kurudishiwa pesa zake zote kama hajadai chochote. Siku 45. Hapa kwetu dada yangu hakupewa hata dakika tano. Aliambiwa bei hiyo ni ya leo tu.

Wenzangu wengi wananijibu: bora hiyo kuliko kukosa kabisa. Hapo ndipo penye uongo mkubwa kuliko wote, na ndipo ninapotaka kukaa.

Hukosi kabisa. Mkenya anayenunua simu dukani anatoka na ulinzi ambao hakuna kaunta inayomtajia. Kifungu cha 46 cha Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 kinampa mtumiaji haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike na alichonunua, na haki ya fidia bidhaa yenye kasoro inapomtia hasara. Kabla ya Katiba hiyo, tangu enzi za ukoloni, ilikuwapo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inayosema kwamba mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani anahesabiwa ameahidi kuwa zinauzika kwa ubora wake na zinafaa kwa kazi iliyonunuliwa. Anahesabiwa ameahidi hata kama hakufungua mdomo. Mwaka 2012 ikaja Sheria ya Kulinda Watumiaji, ikafunga mlango wa nyuma: sharti lolote kwenye mkataba linalojaribu kuifuta ahadi hiyo ni batili. Muuzaji anaweza kuliandika, anaweza kulipiga muhuri, anaweza kukusainisha. Ni batili.

Tazama sasa kitu kimoja. Sheria hizi hazikusema miezi kumi na miwili. Miezi kumi na miwili ni ahadi ya hiari ya kampuni, inatolewa juu ya sheria, na haiwezi kukaa mahali pa sheria. Kinachoulizwa kisheria ni kama kitu ulichouziwa kilikuwa kizima kwa kadiri ambavyo mtu mwenye akili timamu angetarajia kwa bei ile. Madai ya mkataba yana muda wa miaka sita kufikishwa mahakamani. Sisemi kwamba simu ya shilingi 24,000 lazima iishi miaka sita, wala sisemi mnunuzi hana kazi ya kuthibitisha; atapaswa kuonyesha kwamba kasoro ilikuwamo tangu mwanzo na haikuletwa na yeye, na kadiri miezi inavyopita ndivyo kazi hiyo inavyokuwa ngumu. Lakini kati ya ugumu huo na kauli ya kaunta kwamba "waranti yako imeisha, huna lako" kuna umbali wa kutoka hapa hadi Matuu. Na muuzaji anayemwambia mteja kwamba bila karatasi ya shilingi 2,900 hana haki yoyote baada ya mwaka, anapotosha. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu waranti na haki zake. Si ulegevu wa maneno wa kijana wa mauzo. Ni kosa.

Mbona hatulijui hili? Kwa sababu haki zetu nazo zimeandikwa kwa Kiingereza, zimefungwa kabatini, huku matangazo ya waranti yakitufikia kwa Kikamba na Kiswahili kwa kipaza sauti mbele ya duka. Lugha tamu inatumika kuchukua pesa, lugha ngumu inatumika kuzilinda zisirudi. Kama kifungu cha 46 kinanipa haki ya kupata habari, habari hiyo inanifikiaje ikiwa katika lugha ambayo mteja hakuuziwa kwayo? Mwalimu wa chekechea anasoma Kiingereza, si hilo. Lakini hakuna aliyempa nafasi ya kukisoma. Karatasi ilitolewa kwenye droo baada ya pesa kuingia kwa M-Pesa. Na nyuma yake sokoni kuna mama anayeuza maembe ambaye hakisomi kabisa, na ambaye aliuziwa karatasi hiyo hiyo. Natamani kuona sharti moja tu kaunti hii: kila duka la simu libandike ukutani, kwa Kikamba na Kiswahili, yale mambo ambayo waranti yake hailipi. Hayo tu. Orodha ya "nje". Tuone nani atanunua.

Na kile kibandiko. Nataka kila mwenye simu akijue, maana ndicho kinachotumika kutufukuza. Ni kipande kidogo cheupe kilichowekwa ndani ya simu, mara nyingi kwenye tundu la laini au karibu na la chaja, na kikiguswa na maji hugeuka chekundu. Kinachokisema ni kwamba maji yamekigusa. Hakisemi lini. Hakisemi ni tone la jasho au ni ndoo nzima. Hakisemi kama maji hayo ndiyo yaliyoua sehemu ya kuchajia au ile sehemu ilikuwa na lehemu mbovu tangu siku ya kwanza. Kumfukuza mtu kwa kibandiko bila kumwonyesha palipoliwa na kutu ndani ni sawa na daktari kukutazama nguo zilizolowa mvua akaandika umekufa maji. Mwenye simu ana haki ya kuomba ripoti iliyoandikwa: nani aliifungua, aliona nini, wapi, na picha iko wapi. Dada yangu aliomba. Waliduwaa, kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba.

Umbali nao ni sehemu ya ujanja. Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 60. Duka likisema simu "inaenda Nairobi", mteja anabaki bila simu, na wengi wanaambiwa ni haraka zaidi wakiipeleka wenyewe. Nauli ya kwenda na kurudi, halafu nauli ya kuifuata, siku mbili za kazi zimekwisha, na hapo umekwisha kutumia pesa ambazo fundi wa stendi angebadilishia tundu la chaja kwa muda wa kunywa chai. Wengi wanakata tamaa katikati. Nina hakika kukata tamaa kwao kumo ndani ya hesabu ya bei.

Na hii inatokea wapi? Inatokea katika kaunti ambayo tarehe 30 Oktoba 2023 Rais William Ruto alikuja kufungua kiwanda cha kuunganisha simu, pale Athi River, simu za kwanza zikitangazwa kwa shilingi 7,499 na 8,999. Jambo jema, na nililifurahia. Kama mikono ya vijana wa Machakos inaweza kuunganisha simu, mikono hiyo hiyo inaweza kuifungua na kuitengeneza. Halafu waranti inamwita fundi wetu mtu asiyeidhinishwa, na akiigusa simu ameiharamisha! Kwa nini kampuni zinazouza hapa zisimfunze, zimpe vipuri halali, zimwidhinishe? Hilo lingekuwa na faida kwa mnunuzi kuliko karatasi mia.

Athi River inanikumbusha jambo jingine. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kupunguza mifugo, ng'ombe wakachukuliwa kwa bei ya kutupa, na kiwanda cha nyama cha Liebig pale pale Athi River kikiwasubiri. Muindi Mbingu aliwaongoza watu wa Machakos, wanaume, wanawake na watoto, wakaenda Nairobi wakapiga kambi hadi serikali ikarudi nyuma. Hawakuwa na wakili. Walijua bei ya ng'ombe wao na walijua wanaibiwa. Sitaki kulinganisha simu na ng'ombe. Nataka tukumbuke kwamba katika ardhi hii watu walikwisha kukataa bei waliyopangiwa, na hawakuikataa mmoja mmoja kwa kunung'unika njiani wakirudi nyumbani.

Kuna kundi ambalo linaumia zaidi hata ya dada yangu: wanaonunua simu kwa kulipa kidogo kidogo. Safaricom na Google walipoleta mpango wao Julai 2020, kianzio shilingi 1,000 na shilingi 20 kwa siku kwa miezi tisa, watu wengi ambao wasingeota simu janja waliipata. Tangu hapo wakopeshaji wamekuwa wengi, na simu inafungwa kutoka mbali usipolipa. Mimi nauliza maswali mawili kwa niaba ya anayesaini leo. Je, katika shilingi hizo za kila siku, kuna waranti au bima iliyofichwa ambayo hukuambiwa bei yake peke yake? Na siku ambazo simu iko kwa watengenezaji, wiki mbili, wiki tatu, shilingi za kila siku zinasimama au zinaendelea kuhesabiwa? Kama zinaendelea, unalipia simu usiyokuwa nayo, na ukishindwa kuilipia itarudi kwako imefungwa. Lipate jibu kwa maandishi kabla ya kutoa kianzio. Asiyekubali kuandika amekwisha kujibu.

Je, hakuna karatasi hata moja inayofaa? Ipo, na ningekuwa mwongo kusema haipo. Mwendesha boda boda anayepokea wateja kwa programu simuni, simu imefungwa kwenye usukani mchana kutwa, akiipoteza siku moja amepoteza mlo. Usukani wenyewe ni hatari: mwaka 2021 Apple ilitoa onyo kwamba mtikisiko wa pikipiki unaweza kuharibu kamera za simu zake. Mtu huyu akipata bima inayolipa kioo kilichopasuka na simu iliyoibwa, kwa bei ambayo haifiki mahali pa kumnyima mafuta, anunue. Lakini hiyo ni bima, na bima ina sheria zake. Sheria ya Bima, Sura ya 487, hairuhusu mtu kuifanya biashara hiyo bila kusajiliwa. Kwa hiyo amuulize muuzaji kampuni ya bima iliyo nyuma ya karatasi ni ipi, athibitishe kwamba inatambuliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Bima, aulize anatozwa kiasi gani kutoka mfukoni kwanza kila anapodai, na aulize wizi unahesabiwaje, maana zipo karatasi zinazolipa simu iliyoporwa kwa nguvu na kuikataa iliyochomolewa kimya kimya kwenye matatu. Duka likisema "bima ni yetu wenyewe", aondoke.

Kwa wengine wote, njia tunayo, na tunayo kuliko watu wengi. Miinuko ya Machakos unayoiona imekatwa matuta ngazi kwa ngazi haikulindwa na kampuni. Ilichimbwa na mwethya, majirani wakihama shamba kwa shamba, leo kwako kesho kwangu. Mwethya ni bima iliyokuwapo kabla ya neno bima. Walimu wa shule ya dada yangu, pamoja na wapishi na mlinzi, ni kumi. Kila mmoja akiweka shilingi 250 kwa mwezi, mwaka ukiisha zimetimia 30,000. Kila mmoja ametoa 3,000, karibu sawasawa na bei ya ile karatasi. Pesa hizo zinalipa kioo. Zinalipa betri. Zinalipa simu iliyolowa maziwa. Hazina kifungu cha tisa, na fundi anayelipwa nazo ni wa hapa, anayejulikana kwa jina, anayeweza kurudiwa kesho yake asubuhi. Sharti moja litoshe, kwamba hakuna anayechota zaidi ya kiasi fulani kwa mwaka ili chungu kisikauke. Kinachobaki Desemba kinagawanywa. Hakuna duka duniani linalokurudishia shilingi 2,900 zako kwa sababu mwaka mzima hukuvunja simu.

Wameanza mwezi uliopita. Daftari liko kwa mpishi, kwa sababu wote wanamwamini.

Lakini chama cha mwaka huu hakifuti dhuluma ya mwaka jana. Ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 na kuanza kusikiliza kesi Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Inapokea madai hadi shilingi milioni moja, inatakiwa kuyamaliza ndani ya siku 60, na mtu anaweza kujisimamia bila wakili. Simu ya shilingi 24,000 si ndogo mno kwa mahakama iliyoitwa madogo. Kabla ya kufika huko huandikwa barua ya madai, na Jumamosi iliyopita tuliiandika, mimi na dada, mezani hapa hapa ilipo karatasi.

Tuliiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Tarehe ya kununua, bei ya simu, bei ya waranti, siku simu ilipokataa chaji, siku ilipopelekwa, siku iliporudi. Tukataja Katiba kifungu cha 46, Sura ya 31 na Sheria ya 2012. Tukaomba mambo mawili wachague moja: ripoti kamili ya uchunguzi pamoja na picha na matengenezo, au pesa zirudi, za simu na za karatasi. Tukawapa siku 14. Tukapiga picha ya risiti kabla haijafutika kabisa, na ninamsihi kila anayesoma haya aipige yake leo, maana karatasi hizo za mashine hufifia mapema na bila risiti utabaki na simulizi.

Jumatatu tuliipeleka. Kijana wa kaunta aliisoma yote, akasimama, akaipeleka ndani. Alitoka meneja. Aliuliza, kwa Kiingereza, kama tuna wakili. Dada yangu alimjibu kwa Kikamba kwamba ana barua, na akamwomba aisaini nakala yetu kuonyesha kwamba imepokelewa. Alisita, akatazama wateja waliokuwa wamegeuka kusikiliza, akasaini. Sahihi iko hapo chini, na tarehe. Zimebaki siku kumi na moja.